Sabuni, Dhahabu na Usingizi: Zebaki katika Ngozi na Akili za Wakazi wa Geita na Shinyanga

Katika machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama hakuna mchimbaji mdogo asiyejua kazi ya zebaki. Mwamba unaotolewa katika duara husagwa kwa karasha, unga wake huoshwa mwaloni, kisha zebaki humiminwa katika beseni lenye mchanga mzito uliobaki. Metali hiyo, ambayo ni kimiminika katika joto la kawaida, huzikamata chembe za dhahabu na kufanya nazo bonge laini lenye rangi ya fedha. Bonge hukamuliwa kwa kitambaa, huchomwa juu ya mkaa, zebaki hupaa kama mvuke na dhahabu hubaki. Ni kazi ya muda mfupi, na mara nyingi hufanywa uani, hatua chache kutoka jiko la chakula.

Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba metali hiyo hiyo, ikiwa katika umbo la chumvi zake, imekutwa mara kwa mara katika sabuni na krimu za kung'arisha ngozi zinazouzwa Afrika Mashariki. Zebaki ya uani na zebaki ya bafuni hupita njia tofauti kuingia mwilini, moja kwa pumzi na nyingine kwa ngozi, lakini huishia katika viungo vilevile: figo na mfumo wa fahamu. Katika nyumba moja ya Nyarugusu au Rwamagasa zinaweza kukutana zote mbili, mume akichoma dhahabu na mke akipaka krimu, na watoto wakipokea kutoka pande zote.

Makala haya yanaeleza uhusiano uliopo kati ya zebaki, ngozi na afya ya akili, na namna mgonjwa na mhudumu wa afya wanavyoweza kupanga utaratibu wa kila siku wa kujitunza kwa makini na utulivu. Ushauri mwingi unaotolewa siku hizi kuhusu kujitunza humtaka mtu aongeze kitu: mafuta mapya, dawa ya mitishamba, mazoezi ya kupumua. Katika ukanda wa dhahabu hatua ya kwanza ni kuondoa. Mazoezi ya kupumua hayamsaidii mtu ambaye hewa anayoivuta ndiyo inayomdhuru.

Sabuni iliyowashangaza watafiti

Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Tanzania na Japani walipima zebaki katika nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wengine wa maeneo yanayolizunguka Ziwa Victoria upande wa kusini. Miongoni mwao alikuwa Dkt. Masazumi Harada, daktari aliyejulikana duniani kwa kazi yake juu ya ugonjwa wa Minamata, yaani sumu ya zebaki iliyowapata walaji wa samaki katika ghuba ya Minamata nchini Japani. Hofu iliyowaleta ilikuwa ya haki kabisa: kwamba zebaki ya machimbo ingeingia ziwani, ikaingia katika samaki, na kutoka katika samaki ikaingia kwa watu, kama ilivyotokea kwao.

Samaki wengi waliopimwa walikuwa na zebaki kidogo. Lakini baadhi ya watu walikuwa na viwango vikubwa mno katika nywele, viwango ambavyo samaki wasingeweza kuvieleza, na tena zebaki yenyewe haikuwa ya aina inayotoka kwa samaki. Chanzo kilipatikana katika sabuni ya kuogea yenye chumvi ya zebaki na madini joto, iliyotengenezwa Ulaya. Mwaka 2001 Harada na wenzake walichapisha matokeo yanayofanana na hayo kutoka Kenya.

Inafaa kusemwa wazi kwamba wakati huo nchi za Ulaya zilikuwa zimekwisha kupiga marufuku vipodozi vya zebaki kwa raia wao wenyewe. Sabuni ya kusafirishwa nje haikuguswa na marufuku hiyo hadi mwaka 2003. Kile kilichoonekana ni hatari kwa ngozi ya mtu wa kule kilihesabiwa kuwa bidhaa halali kwa ngozi ya mtu wa Mwanza na Kisumu.

Onyo lenyewe lilikuwa la zamani zaidi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa watu wazima 60 waliovimba mwili kwa sababu ya figo kupoteza protini nyingi katika mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Wengi wa watumiaji hawakuwa na sababu ya kuhusisha kopo la krimu na miguu iliyovimba, kwa kuwa kati ya kuanza kupaka na kuanza kuvimba hupita miezi au hata miaka.

Sheria za sasa haziachi mwanya mkubwa. Vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku Tanzania. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki ulianza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, Tanzania iliuridhia mwaka 2020, na katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki, hata kwa kiasi kidogo, vikomeshwe ifikapo 2025. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Hata hivyo kopo lisilo na jina la mtengenezaji, lililochanganywa nyuma ya duka na kuuzwa kama mkorogo, halisomi mkataba.

Zebaki inavyoing'arisha ngozi, na gharama yake

Rangi ya ngozi hutokana na melanini, ambayo hutengenezwa na chembe hai maalumu zilizo chini ya tabaka la juu la ngozi. Kazi hiyo huendeshwa na kimeng'enya chenye madini ya shaba ndani yake. Zebaki hukizuia kimeng'enya hicho kufanya kazi, melanini hupungua, na ngozi huonekana nyeupe zaidi kwa muda. Kwa hiyo krimu ya zebaki haidanganyi katika ahadi yake ya kwanza, na hapo ndipo ugumu wa kumshawishi mtu aiache unapoanza.

Gharama huja polepole. Melanini ni mwavuli wa ngozi, na mwavuli huo ukipunguzwa katika jua la Shinyanga, mkoa ulio karibu nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, ngozi huungua, huota madoa na kuwa na rangi isiyo sawa. Zebaki yenyewe huleta vipele na makovu, na hupunguza uwezo wa ngozi kujikinga na bakteria na fangasi. Mtumiaji akiona madoa hayo huongeza krimu. Mtumiaji anayejaribu kuacha huona weusi ukirudi, mara nyingine kwa mabaka, na kudhani kwamba kuacha ndiko kulikomharibu.

Mkorogo mara nyingi huwa na vitu vingine pia. Haidrokwinoni ikitumika kwa miaka inaweza kuleta weusi mgumu wa rangi ya bluu na kijivu, hasa mashavuni, ambao hautoki kwa urahisi. Dawa kali za jamii ya steroidi, kama klobetasoli, huikonda ngozi, huleta michirizi na chunusi, na huficha sura ya fangasi kiasi kwamba hata mganga mzoefu wa kituo cha afya anaweza kukosea. Steroidi ikipakwa mwili mzima kwa miezi mingi huweza pia kuzilaza tezi zilizo juu ya figo, ambazo hutengeneza homoni za kuuwezesha mwili kuhimili maradhi na mshtuko.

Kwa nini basi watu wanapaka? Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2011, kwa kuwahoji wanawake 42, ulionyesha sababu zaidi ya moja. Wapo waliotaka weupe kwa sababu jamii imeufanya kuwa kipimo cha uzuri, wapo waliotaka kumpendeza mwenzi, na wapo walioanza kwa lengo dogo tu la kuondoa chunusi na vipele. Sababu hii ya mwisho inastahili kuzingatiwa zaidi machimboni. Vumbi la karasha, jasho, joto na maji machache ya kuoga huleta vipele na fangasi kwa urahisi, navyo vikipona huacha madoa meusi. Mwanamke aliyekwenda dukani kutafuta dawa ya madoa hakwenda kujikana rangi yake. Kumwita mpenda kujichubua ni kumfunga mdomo kabla hajasema alichonunua.

Zebaki na akili

Mvuke wa zebaki hauonekani kwa macho wala hauna harufu. Ukivutwa, sehemu yake kubwa, takriban asilimia 80, huingia katika damu kupitia mapafu, na kwa kuwa huyeyuka katika mafuta hupenya hadi ubongoni. Chumvi za zebaki zinazopita katika ngozi hulemea figo zaidi, lakini nazo zikitumika kwa muda mrefu huuathiri mfumo wa fahamu. Isitoshe, zebaki iliyopakwa mwilini hupaa kidogo kidogo kutoka katika ngozi, taulo, shuka na mto, hata wanaolala chumba kimoja na mtumiaji huivuta.

Dalili za akili huwa za kwanza kuonekana, na ndizo zinazosomwa vibaya zaidi. Mtu aliyekuwa mchangamfu hujitenga. Huona haya kupita kiasi, hukasirika kwa jambo dogo, hulia bila sababu inayoeleweka. Usingizi humkimbia. Husahau aliyoambiwa asubuhi, na hesabu ya mauzo iliyokuwa rahisi humshinda. Baadaye mikono huanza kutetemeka, kwanza vidole, kisha maandishi huharibika, na mtu huona ladha ya chuma mdomoni au hutokwa mate mengi na fizi kuuma. Madaktari wa Ulaya walizijua dalili hizi kwa mafundi wa kofia, waliotumia zebaki kulainisha manyoya ya sungura, na waliipa hali hiyo jina lake mapema kuliko walivyojua namna inavyotokea.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na UNIDO, wakazi 180 wa eneo la machimbo la Rwamagasa walipimwa pamoja na watu 31 ambao hawakuwa karibu na zebaki. Waliodhurika zaidi walikuwa wachomaji wa dhahabu: takriban robo yao walikutwa na dalili za sumu sugu ya zebaki. Hawa si watu waliokuja hospitali wakilalamika. Walikuwa kazini.

Ugumu ni kwamba dalili hizi zote zina sababu nyingine nyingi machimboni. Mchimbaji anayedaiwa na mwenye duara, aliyepoteza rafiki kwa kifusi na ambaye hajapata dhahabu kwa miezi mitatu, ana sababu za kutosha za kukosa usingizi. Mikono inayotetemeka asubuhi inaweza kuwa ya gongo. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi huleta jasho, mtetemo na wasiwasi vilevile. Na nyumbani, hasira na kujitenga kwa mama wa watoto wanne huweza kupewa tafsiri ya jini au ya mkono wa mtu, familia ikauza mbuzi kumpelekea mganga wa jadi, huku kopo la krimu likibaki juu ya rafu. Sonona na wasiwasi ni magonjwa ya kweli yanayostahili tiba kamili kwa haki yake yenyewe. Kosa linaloepukika ni kuandika neno sonona katika jalada bila kuuliza maswali mawili ya nyongeza.

Maswali mawili ya chumba cha tiba

Swali la kwanza ni la kazi na nyumba, la pili ni la ngozi. Namna ya kuuliza huamua jibu. Muuguzi anayeuliza "Unajichubua?" atajibiwa "hapana" hata na mgonjwa ambaye mashavu yake yanasema vingine. Muuguzi aliyeanza na "Mwangaluka, mama" na kusubiri salamu irudi, kisha akasema, "Naomba unisaidie jambo moja. Hapo nyumbani mnaogea sabuni gani, na mnapaka mafuta gani? Ukija tena niletee makopo yote, hata yale yaliyokwisha," atapata makopo. Kisha kwa sauti ileile: "Na dhahabu, kuna mtu anaichoma hapo nyumbani? Anachomea wapi?"

Makopo yakiletwa, kuna mambo ya kutazama. Majina ya zebaki katika lebo yanaweza kuwa mercury, mercuric, mercurous, mercurio, calomel, ammoniated mercury au alama Hg. Bidhaa isiyo na orodha ya viambato wala jina la mtengenezaji ihesabiwe kuwa ya kushukiwa. Ipo pia dalili moja ambayo mtu wa Geita anaweza kuielewa haraka kuliko mtu mwingine yeyote: baadhi ya bidhaa hizi humwonya mtumiaji avue pete na mikufu na asiiguse dhahabu, fedha au alumini. Mchimbaji anajua kwa uzoefu wa mikono yake ni kitu gani kinachoshika dhahabu. Akisomewa maandishi hayo, mara nyingi haihitajiki hotuba.

Kipimo sahihi cha zebaki ya aina hizi mbili ni mkojo. Nywele hufaa kwa zebaki ya samaki, lakini kwa mtumiaji wa krimu zinaweza kuwa zimepakwa zebaki kwa nje tu, na jibu likapotosha. Kipimo cha zebaki hakipo katika zahanati, na mgonjwa anayehitaji hupewa rufaa. Hata hivyo zahanati ina karatasi ya kupimia protini katika mkojo, na ina mashine ya shinikizo la damu, na hivyo viwili hueleza mengi. Protini katika mkojo, uso uliovimba asubuhi, mkojo wenye povu au shinikizo lililopanda kwa kijana anayepaka krimu ni sababu ya kumpeleka hospitali bila kusubiri kipimo cha zebaki. Kwa mwenzake anayetetemeka, karatasi na kalamu hutosha kwa kuanzia: aandike jina lake na achore mduara unaozunguka kuelekea ndani kama kombe la konokono. Karatasi hiyo ihifadhiwe katika jalada kwa kulinganisha.

Utaratibu wa siku

Krimu au sabuni inayoshukiwa kuwa na zebaki huachwa siku hiyohiyo. Kwa mkorogo ambao haijulikani una nini, siku ya kuacha iwe pia siku ya kwenda kituo cha afya, kwa sababu aliyepaka steroidi kali mwili mzima kwa muda mrefu anaweza kuhitaji kupunguziwa kwa mpango. Udhaifu mkubwa, kizunguzungu, kutapika au kuzimia baada ya kuacha ni dharura. Ngozi kuwasha, kuwa nyekundu na kutoka vipele kwa wiki kadhaa ni jambo linaloweza kutarajiwa, na mgonjwa aliyeambiwa mapema hulivumilia. Asiyeambiwa hurudi dukani.

Makopo yenyewe yasichomwe moto wala kutupwa chooni. Moto huigeuza zebaki kuwa mvuke, na choo huipeleka ardhini. Yafungwe katika mfuko wa plastiki usiovuja, yawekwe mbali na watoto, na yakabidhiwe kwa afisa afya wa kata. Taulo na foronya zilizotumika wakati wa kupaka zibadilishwe.

Kwa anayechoma dhahabu, badiliko moja hupita mengine yote: kuchoma kuondoke nyumbani. Panapowezekana kitumike chombo cha chuma kilichofungwa, yaani retoti, ambacho hunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki inayoweza kutumika tena. Mchimbaji anayehesabu shilingi atakipenda kwa sababu hiyo hata kama hajali mapafu yake. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa zebaki hata kidogo. Nguo za kazi zibaki kazini au zifuliwe peke yake, na chupa ya zebaki isiwe ya soda.

Baada ya kuondoa ndipo nafasi ya kutunza inapopatikana, na mahitaji yake ni machache kuliko maduka yanavyodai. Jioni, mtu aliyetoka mwaloni aoge kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo na dawa wala ahadi. Sabuni ya mche inatosha, ingawa kwa ngozi kavu itumike kidogo. Ngozi ikiwa bado na unyevu apake mafuta ya mgando au mafuta ya nazi. Mchana avae kofia pana na mikono mirefu. Vipele vya fangasi vitibiwe kwa dawa ya fangasi hadi mwisho wa siku zilizoandikwa, na chunusi zisitumbuliwe. Doa jeusi lililoachwa na kipele hufifia lenyewe kwa miezi, kwa sharti la kukingwa na jua na kutosuguliwa.

Dakika za kupaka mafuta zinaweza kuwa ndizo dakika za utulivu wa siku nzima, na hapa mazoezi ya umakini yana nafasi yake halali. Mtu akae, aweke simu mbali, avute pumzi polepole kwa pua na kuitoa polepole zaidi, mara kumi hivi. Apake mafuta kuanzia miguuni akitazama kila sehemu anayoigusa: miguu imevimba? Kidole kikibonyezwa kwenye muundi kinaacha shimo? Kuna kidonda kisichopona? Vidole vikinyooshwa mbele vimetulia? Kazi hii humfanya mtu aujue mwili wake kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake wakirudi zizini, bila kuuhukumu rangi. Kisha, mara moja kwa juma, aandike jina lake lote na tarehe katika daftari moja lile lile. Ni kipimo cha bure, na baada ya miezi mitatu kurasa hizo humsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Usingizi uheshimiwe kwa kulala na kuamka saa zilezile. Pombe ya kuleta usingizi huuharibu usingizi wenyewe baada ya saa chache, na humficha mganga mtetemo anaoutafuta. Dawa za kienyeji za kusafisha sumu hazina nafasi katika utaratibu huu. Nyingi haziondoi zebaki, na baadhi huzidishia mzigo figo zilizokwisha kuumia. Dawa halisi za kuitoa zebaki mwilini zipo, hutolewa hospitali kubwa kwa wagonjwa waliochaguliwa, na hazisaidii chochote ikiwa chanzo bado kipo nyumbani. Mawazo ya kujidhuru au kukata tamaa ya maisha hayasubiri juma wala daftari: mgonjwa asiachwe peke yake na apelekwe kituo cha afya siku hiyo, iwe zebaki inahusika au haihusiki.

Mama mjamzito na mtoto

Zebaki hupita katika kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni. Kliniki ya wajawazito hupima mkojo na shinikizo la damu kwa kila mama, na kwa hiyo ni mahali pazuri mno pa kuigundua, ikiwa mtoa huduma ataikumbuka. Protini katika mkojo kabla ya wiki ya 20 ya ujauzito si kawaida ya kifafa cha mimba. Humtaka mkunga aulize juu ya ugonjwa wa figo, na katika ukanda huu aulize na sabuni. Mama anayenyonyesha kwa kawaida huendelea kunyonyesha, huku krimu na uchomaji vikiondolewa mara moja.

Mtoto haji na malalamiko. Huja akiwa mkali, asiyetaka kucheza, anayetoka jasho jingi, mwenye viganja na nyayo zinazouma na kubadilika rangi, wakati mwingine na shinikizo la damu lililopanda. Uingereza iliwaona watoto wa namna hii kwa wingi katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita na haikujua sababu, hadi ilipobainika kuwa poda walizopewa wakati wa kuota meno zilikuwa na zebaki. Poda zilipoondolewa sokoni katika miaka ya 1950, ugonjwa ulitoweka karibu kabisa. Wekundu wa viganja haujitokezi vivyo hivyo katika kila ngozi, kwa hiyo mganga asiutegemee. Atazame tabia ya mtoto, apime shinikizo kwa mkanda wa ukubwa wa mtoto, na amuulize mama au bibi yake ni nani analala na mtoto huyo na anapaka nini.

Chanzo kikiondolewa, nusu ya zebaki iliyomo mwilini hutoka kwa takriban miezi miwili, na nusu ya iliyobaki kwa miezi miwili mingine. Figo za wagonjwa wengi hupata nafuu. Usingizi na hasira huelekea kutulia kabla ya mtetemo, na mtetemo wa muda mrefu hauondoki wote kwa kila mtu. Mgonjwa aambiwe hivyo siku ya kwanza, apewe tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili, baada ya miezi miwili na baada ya miezi minne, na kila akija apimwe mkojo na shinikizo, na aje na daftari lake.